Ng'ambo ni Ng'ambo

Jumatatu, 8 Machi 1999

Siku ya Wanawake. Chama chetu kimekutana Msambweni, darasani, kwenye madawati ya watoto. Magoti yaligusa kidevu. Umoja wa Wanawake Wenye Taaluma wa Kwale Kusini: jina linazidi kurefuka na wanachama wanazidi kupungua. Ashley, aliyekuwa mwalimu wa sekondari, yuko Ujerumani. Mfamasia wetu yuko Botswana. Hoteli za Diani hazina wageni tangu fujo za mwaka juzi, na mshahara wa serikali ni ule ule. Siku hizi mwenye cheti akisimama ujue anaulizia pasipoti.

Leo aliyesimama ni Dama Thoya, mwenyekiti wetu, muuguzi na mkunga. Amesema amepata kazi Uingereza, anaondoka wiki ijayo. Kilio! Nami nililia. Jicho la kushoto lililia sana. La kulia lilikuwa linatazama kiti.

Niseme habari ya kiti. Kina mikono miwili na mto mwekundu. Tulipewa na hoteli anayofanya kazi Viola, walipopunguza samani. Hakikaliwi ila na mwenyekiti. Baina ya mikutano huwekwa kwangu Ukunda, katika ofisi yangu ya kupiga chapa, kwa kuwa mimi ndiye katibu na nafasi ninayo. Hukikalia nikipiga chapa. Ni haki ya mtunzaji. Sasa Dama akiondoka, nani mwingine wa kukirithi?

Basi Viola akaharibu. Viola ni mhasibu, mtu wa bara, mkono wake hauchoki kunyooshwa. Akauliza kwani Dama akienda ni lazima auache uenyekiti? Simu zipo, posta ipo. Aongoze huko huko, na Bi Shutu, mzee wetu, amshikie mikutano. Makofi. Dama akapangusa machozi, akaomba jambo moja tu: chama kimwangalie mama yake aliyeko Munje, kama katiba inavyosema kuhusu wazazi wa wanachama. Mama haoni vizuri na ana presha. Makofi tena. Nilikuwa wa mwisho kupiga na wa kwanza kuacha.

Jumanne, 9 Machi

Sikula vizuri. Mwenyekiti aliyeko Uingereza! Hata mchungaji wa mbuzi hukaa karibu na mbuzi.

Nimewaza mpango. Katiba ya chama naipiga chapa mimi. Marekebisho ya katiba nayapiga chapa mimi. Kinachotakiwa ni kifungu kimoja tu kizuri. Lakini utepe wa mashine umekwisha wino. Nimemtuma Nahashon, mume wangu, ng'ambo akaninunulie mwingine. Ndivyo tunavyoiita Mombasa sisi wa upande huu wa kivuko. Nahashon ametoka bila kuuliza wa nini. Ndoa njema ni hiyo.

Jumatano, 10 Machi

Utepe umefika. Kazi imeanza.

Kwanza niliandika "mwanachama atakayekwenda nchi ya nje". Nikafuta. Bi Shutu ana dada yake Tanga, kila Idi yuko huko. Tanga ni Tanzania, Tanzania ni nchi ya nje, na kura ya Bi Shutu naihitaji. Nikaandika "Ulaya". Botswana si Ulaya. Nikaandika "ughaibuni". Viola angedhani ni ugonjwa.

Mwishowe neno likaja lenyewe, safi, la Kiswahili cha watu: "Mwanachama yeyote atakayekwenda ng'ambo atahesabiwa kuwa amejitoa chamani tangu siku ya kuvuka, na hatarudi ila kwa kura."

Siku ya kuvuka! Nimejisomea mara kadhaa kwa sauti. Nahashon amesema inasikika kama khutuba ya mazishi. Hajui lugha, mtu wa bara yule.

Alhamisi, 11 Machi

Nimekwenda kwa Bi Shutu. Ni afisa wa mifugo mstaafu, mkubwa wetu wa umri, anayeheshimiwa na watu na ng'ombe. Nimemkuta ameshika taya la mbuzi, anamtazama meno. Shikamoo. Marahaba. Nikamweleza kwamba si haki kumtwika Dama mzigo wa chama juu ya mzigo wa ugeni. Nikamsomea kifungu.

Hakumwachia mbuzi. Akaniuliza, "Ng'ambo ipi, mwanangu?"

Nilijua ananipima kama nimesoma. Nikamjibu, "Ng'ambo ni ng'ambo, Bi Shutu."

Akasema haya. Akaniuliza tena kama ni sheria ya kila mtu. Nikasema yeyote ni yeyote, hata mimi. Akacheka kidogo, akamfungua mbuzi mdomo upande wa pili. Nadhani nimempata.

Kutoka huko nikapitia hotelini kwa Viola. Ukumbi mtupu, bwawa limejaa majani. Viola akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Si mbaya, Mapenzi. Lakini deputy atakuwa nani?" Nikampa kidokezo kwamba naibu anatakiwa awe mtu wa hesabu. Akaiona rule yangu ni poa kabisa. Jumatatu alikuwa wa simu na posta! Watu hawana msimamo.

Ijumaa, 12 Machi

Dama amekuja ofisini kutoa kopi za vyeti vyake. Nilikuwa nimekikalia kiti. Nikaruka. Nikamwambia nakijaribu kama miguu bado mizima.

Nikamtolea kopi haraka haraka na kwa moyo wangu wote. Nani kama mimi alitaka Dama asafiri salama? Akawa anazungumza huku mashine inanguruma. Anasema amechoka kuzalisha kwa tochi. Mwanawe anaingia kidato cha kwanza, na baba wa mtoto alishamezwa na mji. Ashley amemwandikia kutoka Ujerumani. Kule anawaogesha wazee, na wanamwita "wewe". Anapotaka kukumbuka kwamba alikuwa mwalimu husoma kumbukumbu za mikutano yetu, hizi ninazozipiga chapa mimi.

Kisha akanishika mkono.

"Mapenzi, nikifika kule nitakuwa nesi wa zamu, hakuna atakayenijua. Kama chama kinanijua, na mama anajua kwamba kinanijua, mimi nitaweza."

Akaniomba niwe mimi wa kumtembelea mama Munje. Amesema mimi ndiye anayemwamini. Kifungu kilikuwa chini ya kiwiko changu. Kiliniuma, kusema kweli. Nilikunywa maji, kikapita.

Jumamosi, 13 Machi

Mkutano maalumu. Nimesoma kifungu kwa sauti nzito. Nilitegemea ubishi, nikakuta watu wana uchungu wao tayari. Faith, mwalimu wa shule ya msingi, akasema wanaondoka wao, na sisi tunabaki na misiba yao. Mwingine akasema mfamasia hajatuma hata salamu. Mwingine akasema mkiwasomesha hawa mnawasomeshea Wazungu. Maneno yaliyokaa miaka yakatoka yote leo, na yote yakamwangukia Dama, ambaye hata sanduku hajalifunga.

Viola akaunga mkono. Mikono ikainuka. Bi Shutu hakuinua wa ndiyo wala wa hapana. Alitaka tu niandike kwenye kumbukumbu kwamba kifungu kinaanza leo na kinamhusu yeyote. Nikaandika, na chini nikapiga mstari.

Dama hakugombana. Aliinuka kwenye kiti, akaupiga mto vumbi, akauliza, "Na mama?"

Akaenda kukaa kwenye dawati la nyuma.

Uchaguzi ni Jumamosi ijayo. Mgombea ni mmoja mpaka sasa. Sikumtazama Dama tulipotoka. Nilikuwa na makaratasi mengi ya kukusanya.

Jumatatu, 15 Machi

Mambo ya ajabu kidogo. Faith hakwenda kwenye harusi ya binamu yake Kisauni jana. Kitambaa kimeshonwa, zawadi imefungwa, hakwenda. Ameniambia hawezi kwa sasa, akanitazama kama mimi ndiye niliyemzuia. Viola naye, ambaye kila Jumatatu hupeleka hesabu benki Mombasa mwenyewe, leo amempa dereva. Mwanachama mwingine ana jino linamuuma tangu Jumapili, na daktari wa meno yuko Mombasa. Anasukutua maji ya chumvi.

Uvivu umeingia chamani. Nikiwa mwenyekiti nitaukemea.

Sikumwona Bi Shutu. Nasikia anazunguka nyumba kwa nyumba. Labda ni chanjo ya kuku.

Jumatano, 17 Machi

Dama ameondoka. Ndege ya Nairobi ni ya alasiri, kwa hiyo asubuhi tulimsindikiza mpaka Likoni, chama kizima, na mama yake tukambeba kwa pikapu ya hoteli. Mama alimpapasa Dama uso wote, masikio mpaka shingo, kama anayeununua. Nilitazama pembeni.

Kivuko kikafika. Dama akashika sanduku. Nikageuka kuwaambia wenzangu twende. Wote wamesimama juu ya mteremko, hakuna aliyenyanyua mguu. Viola akasema wao wanaishia pale pale. Faith akasema hawezi kabisa. Bi Shutu alikuwa amemshika mama mkono, akanitazama kwa upole mwingi.

Niliona aibu kwa niaba yao. Kusindikiza mtu wa safari ya mbali hivyo na kuishia ukingoni! Nikachukua begi lake dogo, nikaingia. Na kusema kweli nilikuwa na shughuli yangu pia: muhuri niliouagiza ulikuwa tayari kwa fundi, barabara ya Digo.

Katikati ya maji Dama akaniuliza, "Mapenzi, unavuka kweli?"

Nikamwambia rafiki hasindikizwi nusu.

Akanitazama sana. Akaanza kucheka, kisha akalia, kisha akacheka tena. Akasema, "Haya. Lakini uliandika mwenyewe." Nikadhani anasema kuhusu zile kopi. Tuliagana uwanja wa ndege, akanikumbatia. Akasema nikirudi niwasalimie wanachama. Wanachama! Neno lilimtoka kama la watu wa mbali. Nilikaa kwenye benchi kidogo ndipo nikaweza kuondoka.

Muhuri ni mzuri sana. MAPENZI GARAMA, MWENYEKITI. Nimejipiga kiganjani. Wino hautoki.

Jumamosi, 20 Machi

Siku nyeusi.

Nilivaa gauni la zambarau. Nilikibeba kiti mwenyewe. Bi Shutu akaongoza. Akasoma kumbukumbu zangu neno kwa neno mpaka kifungu: yeyote, ng'ambo, tangu siku ya kuvuka. Akafunga karatasi. Akauliza ni nani tangu Jumamosi iliyopita ameonekana akivuka kwenda ng'ambo.

Darasa zima likanigeukia.

Nikasema ng'ambo ni Ulaya! Ni Marekani! Ni Arabuni! Faith akaniuliza mume wangu hununua wapi utepe wa mashine. Nikasema ng'ambo. Ulimi hauna mfupa, ulitoka wenyewe.

Bi Shutu akasema taratibu, "Nilikuuliza ng'ambo ipi, mwanangu. Ukanambia ng'ambo ni ng'ambo. Wenzako wamekaa wiki nzima na meno yanawauma."

Nikatolewa. Kwa heshima, siwezi kukataa: walinipa chai, nikanywea nje chini ya dirisha. Kiti kilibaki ndani.

Nikawasikia wanajadili kura ya kunirudisha. Moyo ukapanda. Kisha mkono wa Viola, najua hata bila kuuona. Akasema kifungu hakina ng'ambo kubwa na ng'ambo ndogo. "Kama tunamrudisha Mapenzi tunamrudisha na Dama. Hatuchagui." Bi Shutu akasema vema, ila wanachama wamekwishaamua juu ya wanaoondoka, kwa hiyo lazima atokee mtu wa kuwatetea. Akaita dirishani kama kuna mgeni mwenye neno.

Na hapo hapo mvua ikaanza. Masika ya kwanza, bati lote linapiga ngoma. Nikashika nondo za dirisha, nikapiga kelele.

Sijui maneno yalitoka wapi. Nilisema mwanamke akivuka maji haachi kuwa mwenzetu, na cheti chake hakilowi. Nilisema Ashley anaitwa "wewe" na anasoma kumbukumbu zetu akumbuke jina lake. Nilisema hawa hawakutukimbia sisi, wamekimbia tochi ya kuzalishia na hoteli yenye majani bwawani, na kesho atakimbia mwingine aliyekaa humu ndani. Nilisema mama wa Dama alimpapasa binti yake uso, na nyote mliona, na mnamwachia nani? Maji yalikuwa yananiingia mgongoni. Gauni la zambarau lilikuwa linachuja mpaka miguuni.

Faith alilia. Viola alipenga kamasi. Nililia mimi, na safari hii kwa macho yote mawili.

Kura ya wote. Tumerudishwa, mimi na Dama na Ashley na hata mfamasia asiyetuma salamu. Kifungu kimefutwa. Nikaingia ndani nachuruzika, nikaelekea kwenye kiti, maana baada ya hotuba ile nani tena?

Wamemchagua Dama. Naibu ni Viola. Katibu ni mimi, na kazi mpya juu yake: kwenda Munje kila mwezi. Bi Shutu akasema niliyesema vizuri hivyo kuhusu mama ndiye nifaaye.

Jumapili, 21 Machi

Munje. Sauti imenikauka kabisa kwa zile kelele za jana, natoa upepo tu. Nahashon anasema nyumba haijapata kuwa tulivu hivi.

Nimekwenda na Bi Shutu na kiti. Ndiyo, kiti! Ameamua kwamba mwenye kiti hayupo, basi mama yake akikalie. Nimekibeba kichwani kutoka barabarani. Mama ameipapasa mikono ya kiti na mto, akakaa, akanyoosha mgongo. Alikaa vizuri kuliko sisi sote.

Mimi nimekaa mkekani, miguuni pake. Bi Shutu akampima presha kama anavyowapima ndama, lakini imetoka sawa. Mama akaniuliza kama ni mimi niliyevuka na Dama. Nikamgusa mkono kusema ndiyo. Akasema Dama alipiga simu dukani kwa jirani, amefika, kuna baridi. Yeye mama akamuuliza huko yuko na nani, Dama akajibu yuko na chama.

Nilifurahi. Siandiki zaidi ya hapo. Nilifurahi kweli, kwa muda mrefu, mpaka karibu na Ukunda.

Jumanne, 23 Machi

Fundi amekataa kurudishiwa muhuri. Anasema hakuna Mapenzi Garama mwingine wa kumuuzia. Haya. Kitu kizuri hakitupwi, hungojewa wakati wake.

Nimewaza. Kosa la kifungu cha kwanza lilikuwa ni neno tu. Mpango wenyewe haukuwa na kasoro. Sasa nina kifungu kingine, kifupi, hakina maji wala kuvuka: "Ofisa yeyote ambaye sauti yake haitasikika mkutanoni atahesabiwa kuwa ameuacha wadhifa wake." Dama atasikikaje kutoka Uingereza? Simu ya shule imekatwa tangu Januari. Nimeangalia kila upande, hakina mwanya. Mkutano ni Jumamosi hii. Daktari anasema koo langu litahitaji wiki mbili, lakini hilo ni suala la tangawizi.

Bi Shutu alipita ofisini asubuhi. Amekisoma, amevaa miwani, amekisoma tena. Akaniuliza, sauti ipi, mwanangu?

Nikachukua karatasi, maana kusema siwezi, nikamwandikia kwa herufi kubwa: SAUTI NI SAUTI.